Sifa za Mashine Isiyowaka

Vitu vingine hufanya kazi, vingine hujenga umma. Mashine ya kukatia majani ya bei poa, ile ya kusukuma, yenye kainjini kadogo na magurudumu ya plastiki, imo katika kundi la pili, na inasikitisha kwamba mpaka leo hakuna aliyesimama kuitolea shukrani rasmi. Basi nasimama mimi. Ninayo nyumbani, huku Mbezi. Mali yenyewe ni ya shemeji yangu, aliyeinunua Kariakoo kwa nusu ya bei ya mwenzake waliyekaa naye rafu moja, kisha akaileta kwetu kwa maelezo kwamba kwake hakuna majani. Ni kweli hakuna. Kwake amemwaga zege ukuta hadi ukuta.

Sifa yake kuu, ambayo naomba niielezee kwa kirefu, ni kwamba haiwaki. Wasiojua watasema hiyo ni kasoro. Lakini hebu tufikiri pamoja. Mashine inayowaka kwa mvuto mmoja hukata uwanja mzima kabla chai haijapoa, ikafutwa, ikarudishwa stoo, na jirani asijue hata kama upo hai. Ni chombo cha ubinafsi kabisa. Ya kwetu hukusanya watu. Kijana wa kazi akivuta kamba mara ya kwanza, inakohoa. Akivuta tena, inakaa kimya kama haijasikia. Akiendelea, dereva wa bodaboda aliyepaki nje anageuza shingo, na muda si mrefu ameshaingia getini, helmeti kwapani, anauliza plagi mara ya mwisho ilisafishwa lini. Plagi inafunguliwa, inapulizwa, inafutwa kwa pindo la shati, inanuswa, inapitishwa mkono kwa mkono. Anatokea mzee mstaafu wa nyumba ya pili. Shikamoo, marahaba, na hukumu yake ni kwamba petroli imelala. Hapo mzee ana haki: petroli ikikaa miezi ndani ya tanki huacha utando unaoziba jeti ya kabureta, katundu kembamba ambako hakahitaji uchafu mwingi kuziba. Anatumwa mtoto alete sindano. Anarudi na sindano na mama yake.

"Imekunywa mafuta hiyo," anasema mama. "Iacheni ipumue."

Tunaiacha ipumue. Inapopumua, tunapata habari za mtaa: nani kafiwa, nani kahama usiku bila kumaliza kodi, bomba litatoa maji siku gani. Mjumbe wetu, ambaye vikao vyake huhudhuriwa na watu walewale na mbwa wao, alipita Jumamosi moja akakuta umati uwanjani kwangu, akatoa daftari akapitisha mchango wa kifusi cha barabara palepale, bila mjadala na bila ajenda ya mengineyo. Niambie ni taasisi gani nyingine ya umma yenye mahudhurio ya namna hiyo. Makada hupewa fulana ili waje. Sisi tuna kamba na injini baridi.

Sifa nyingine nazitaja kwa heshima tu. Haitumii petroli nyingi, kwa sababu iliyokwisha semwa. Haina roho mbaya: siafu na nyenje hupita chini yake salama. Inajenga bega la kulia. Na siku inapokubali kuwaka, huacha uwanja ukifanana na kichwa cha mtoto aliyemtoroka kinyozi, jambo linalompa kila mgeni cha kuanzia mazungumzo.

Aliyebuni chombo hiki, Mwingereza Edwin Beard Budding, hakuyaona haya yote. Alikuwa mhandisi wa Stroud, mji wa viwanda vya nguo, na wazo lake la mwaka 1830 alilitoa kwenye mtambo uliokuwa ukinyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu ili kilale laini. Akajiuliza: kama visu vilivyopangwa kwenye silinda vinaweza kunyoa sufu, vitashindwaje na nyasi? Kabla yake, waliotaka uwanja mfupi walihitaji watu wenye miundu mirefu wakifyeka alfajiri umande ukiwapo, au kondoo. Inasimuliwa kwamba Budding aliijaribu mashine yake usiku ili majirani wasimdhanie kichaa. Angekuwa na ya kwetu, siri ingevuja usiku wa kwanza.

Lakini kuna jambo moja aliloliandika kwenye maombi yake ya hataza ambalo nalipenda kuliko silinda yenyewe. Alisema mabwana wenye mashamba, wakiitumia mashine hiyo wao wenyewe, watapata zoezi la kufurahisha, lenye manufaa na afya. Wao wenyewe! Mtu huyo alikuwa na imani kubwa na mabwana.

Sasa nije kwenye mpira.

Mashine hizi za kusukuma, hata za bei ya kutupa, huja na kichuma cha pili kilicholala sambamba na mpini. Unavishika vyote viwili kwa pamoja. Ukiachia kile kichuma, injini inazima. Kipo kwa sababu kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa injini, na kinazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, kimejificha chini ya kijibodi cha bati. Marekani, tangu mwaka 1982, mashine ya namna hii ya nyumbani haitakiwi kuuzwa kama kisu chake hakisimami ndani ya sekunde 3 baada ya mshikaji kuachia. Sekunde 3 ndizo zinazotenganisha kuteleza na kukatwa vidole vya mguu. Na kwenye mashine yetu, kama kwenye nyingi nilizoziona huku kwetu, kile kichuma kimefungwa kwenye mpini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa ukakazwa ukapigwa fundo. Ukijikwaa, ukianguka, ukaachia kila kitu, kisu kinaendelea kuzunguka.

Nilimuuliza kijana kwa nini. Hakuona hata haja ya kujitetea. "Bosi, nikiiachia nitoe jiwe, inazima. Ikizima ndiyo basi, tutalala hapa."

Ndiyo maelezo yote, na hayana tundu. Yeye halipwi kwa saa, analipwa kwa uwanja. Kila mvuto wa kamba unaoleta umati, habari na michango ya kifusi, unakula muda wake, siyo wangu. Ana nyumba nyingine ya kwenda kufyeka mchana. Na miguuni ana kandambili. Nilikata ule mpira. Wiki iliyofuata nilikuta mwingine, mpana zaidi.

Sitaki kusikia tena kwamba vijana wa siku hizi hawajali usalama wao. Husemwa kwenye kikundi cha wenye nyumba cha WhatsApp, baina ya picha za bustani na malalamiko ya takataka, na husemwa na watu ambao mpini wa mashine zao hawajawahi kuushika. Niliwaona wakinunua. Duka ambamo shemeji alinunua, nilikwenda baadaye kutafuta kisu cha akiba (hakipo, waliniuzia ushauri wa kukinoa), na nikakaa pembeni nikitazama. Bwana anaingia, ananyoosha kidole, anauliza, "Hiyo mwisho ngapi?" Anatajiwa. Anaguna. Muuzaji anasema hii ni orijino. Bwana anauliza kama ile nyingine nayo ni orijino. Nayo ni orijino. Wanashushana mpaka wanakutana, stakabadhi inaandikwa, na chini yake ule mstari wa mhuri usiosahaulika: mali ikishauzwa hairudishwi. Kuiwasha? Humu ndani haturuhusu, mzee, halafu haina mafuta. Bwana anaridhika. Kwa nini asiridhike? Hatakuwa yeye. Yeye atakuwa barazani na kikombe, akielekeza kwa kidevu: pale umeacha.

Ndiyo maana nasema bei poa ni bei poa kwa anayelipa dukani. Tofauti ya ile laki na ushee aliyoiokoa shemeji haikupotea popote. Inalipwa kila Jumamosi ya masika, kwa bega la mtu mwingine na kwa vidole vyake vya miguu, naye siku ya kununua hakuulizwa hata apeleke mkono ajaribu mpini kama unamfikia kifuani au tumboni.

Kwa uwanja mdogo wa ukoka, wala injini haihitajiki. Zipo za silinda, wajukuu halisi wa ile ya Budding, ambazo visu vyake huzungushwa na magurudumu: ukisukuma zinakata, ukisimama zinasimama, hakuna pa kufunga mpira. Hazipendi kokoto, na majani yakishavuka kifundo cha mguu hulala chini badala ya kukatwa. Hapo anza na fyekeo, kisha uwe unapitisha mara kwa mara, ukitoa theluthi moja tu ya urefu kila safari. Mwenye uwanja mkubwa hana budi kununua injini. Asijidanganye na stika ya nguvu za farasi iliyobandikwa juu. Aangalie unene wa bati la chini, maana hewa ya chumvi ya pwani hulila mapema, na aulize kama kisu na kabureta za aina hiyo zinapatikana mjini.

Nenda na yule atakayeisukuma. Beba petroli yako kwenye chupa. Sisitiza iwashwe pale nje, kibarazani pa duka, hata wakikukunjia uso. Ikishawaka, aachie kichuma, nawe hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kisu kikiwa bado kinazunguka, rudisha pesa mfukoni. Na ukiipata inayosimama, hapohapo Kariakoo wanauza gambuti. Mnunulie jozi moja, na bei yake uihesabu kuwa ni bei ya mashine.