Majonzi Yao, Luku Yangu

Katika nyumba yetu ya kupanga sihitaji mbeya wa kuniambia nani ana nini moyoni. Sabufa zinatosha. Kijana wa chumba cha uani akiachwa, anapiga wimbo mmoja tu wa Bongo Fleva, ukiisha anaurudia, mpaka mtoto wa mwenye nyumba, aliye chekechea, naye anazunguka uani akiimba kwamba ametendwa. Wakirudiana, inaingia singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na anayefua anakazana nayo hadi kola ya shati inabaki mkononi.

Mzee wa chumba cha mbele ana yake. Kila jioni ni zilipendwa: Mbaraka Mwinshehe, kisha Marijani Rajab, naye anajifuta machozi huku anatabasamu. Nikamuuliza mbona anajiliza kwa makusudi. “Mwanangu, nisipolia hapa bure, nitakwenda kulia kwa daktari kwa pesa.” Mbaraka alifariki mwaka 1979, na hadi leo ndiye anayembembeleza mzee mpaka analala. Mimi nabaki macho.

Lakini kiboko yao ni bibie wa chumba cha kati. Huyu taarabu haisikilizi, anaituma. Akikosana na mtu, redio inapanda dirishani, inaelekezwa mlangoni kwa mbaya wake, na ule ubeti wenye sumu unaongezewa sauti. Ukumbini ingembidi ainuke na noti, amtunze mwimbaji huku akimkata jicho mlengwa. Nyumbani anamaliza kazi akiwa anamenya vitunguu. Na mjumbe akiitwa, atahukumu nini? Bibie hajafungua mdomo. Iliyosema ni rusha roho. Kwake moyo umetulia, kwa jirani ndio kwanza umewaka, na huko nako wimbo wa kujibu unatafutwa.

Yote hayo ningeyameza. Kinachonikaba ni luku, maana tunachanga sawa kwa sawa. Mimi nina taa na feni. Wenzangu wana majonzi ya wati 500. Mapenzi yanavunjika chumba kingine, uniti zinazokatika ni zangu. Juzi nikatoa hoja kwamba mchango ufuate ukubwa wa sabufa. Bibie hakuinua hata kichwa.

“Kaka’angu, hii redio nikiizima, natoka kwenda kumpiga mtu. Na dhamana mtanichangia hapahapa, vyumba vyote. Piga hesabu, ipi nafuu?”

Nikatoa elfu mbili ya luku.