Orodha Iliyokwenda kwa Mkubwa

Binadamu hukipa jina kila anachokitumia, liwe na haja au lisiwe nayo, na katika ofisi niliyokuwa nikitumikia mjini Tanga desturi hiyo ilikuwa imefika hata kwenye mashine: seva kuu iliitwa Simba, printa ya masjala iliitwa Twiga, na printa ya chumba cha mkurugenzi, kwa taadhima ya chumba chenyewe, iliitwa Tembo. Kompyuta haina habari na hayawani hawa. Inachokijua ni anwani ya tarakimu, namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja baina ya 0 na 255, na ukiiamuru ipeleke waraka kwa Twiga haisogezi hata herufi moja mpaka kwanza ipate hakika kwamba Twiga anakaa katika namba gani.

Siku zile nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mpwa wangu. Aliyepata kushika daftari la michango hahitaji kuelezwa jinsi watu wanavyoahidi kwa ukarimu mbele ya hadhara, kisha wakasahau faraghani. Nilipanga orodha yangu kwa nidhamu: jina, ahadi, kilicholipwa, baki, na katika safu ya mwisho niliandika maneno ambayo katibu huwaandikia wajumbe wenzake peke yao. Mkurugenzi wetu alikuwa ameahidi laki tatu kwa sauti iliyosikika hadi nje ya ukumbi, na mbele ya jina lake niliandika: "Ahadi nono, mfuko mkavu. Akumbushwe kwa adabu."

Niliamuru waraka uende kwa Twiga, nikaenda masjala kuupokea. Twiga alikuwa kimya. Kwa kuwa alikuwa na sifa ya ukaidi tangu zamani, nilirudi nikaamuru tena, na tena, kila safari nikiongeza idadi ya nakala, maana nilidhani huenda maombi machache anayadharau. Niliendelea hivyo mpaka tarishi alipokuja kutoka juu, ameshika bunda la karatasi zingali na joto, akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Mkubwa anauliza, hizi zote ni za kugawa?"

Fundi wa kompyuta aliitwa, kijana mwenye adabu, akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuuaga ustaarabu. Akaieleza kadhia. Mtandao wa ofisi ulikuwa umepangwa upya; Twiga amepewa namba mpya, na namba yake ya kale wamerithishwa watu wa juu, yaani Tembo. Akaiuliza seva ya majina, kwa amri iitwayo nslookup, Twiga anakaa wapi, na seva ikamjibu namba mpya bila kigugumizi. "Mzee, hapa kila kitu ni sawa," akasema. Nikamuuliza, ikiwa ni sawa, mbona barua zangu zinapanda ghorofani?

Siri ni kwamba amri ile huenda moja kwa moja kwa seva ya majina, ilhali kompyuta yenyewe, inapotaka kujua namba, aghalabu huanza kwa kupekua faili dogo lililomo tumboni mwake, liitwalo hosts, na ikilikuta jina humo haimuulizi mtu mwingine yeyote. Faili hilo ni mabaki ya zama za kale. Katika miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulipokuwa na mashine za kuhesabika, majina yote yaliandikwa katika daftari moja lililotunzwa na Bi. Elizabeth Feinler na wenzake katika taasisi ya utafiti ya Stanford, huko Menlo Park, California. Mwenye mashine mpya alipeleka maombi kwao, na kila mmoja akajinakilia daftari zima. Mashine zilipozidi, daftari likawa refu, na nakala ikawa imepitwa na wakati kabla wino haujakauka. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu wa DNS, ambao haumlazimu mtu mmoja kujua yote: seva isiyolijua jina huenda kwa seva za shina, zenye majina 13, nazo, kama makarani wa ofisi kubwa, hazikupi ulichokitaka bali hukuelekeza dirisha jingine, la .tz au la .com, na dirisha hilo hukuelekeza kwa mwenye jina mwenyewe. Jibu linalopatikana hupewa umri kwa sekunde, mathalani 86,400, ambazo ni siku moja kamili, na umri ukitimia hutupwa.

Walakini faili la kale halikufutwa, na mstari wake hauna umri. Mstari wangu ulikuwa umeandikwa na fundi aliyemtangulia kijana huyu, siku seva ya majina ilipougua, ili kazi ya masjala isisimame. Alitenda wema akaenda zake, hadi Maskati, na kompyuta yangu ikabaki inaamini kwa ikhlasi yote kwamba Twiga hajahama.

Kijana alilifungua faili, akasahihisha, akalihifadhi, na kwa furaha ya ushindi akabonyeza kitufe cha kuchapa, bila ya kutazama ni waraka gani uliokuwa wazi mbele yake. Programu ya kuandikia, kwa kiherehere chake, ilikuwa imelihifadhi faili kwa jina la hosts.txt, ambalo kompyuta hailisomi abadan, na faili la kale likabaki pale pale na enzi yake. Tukasikia Tembo akinguruma ghorofani.

Mara ya pili alifanikiwa. Hakuufuta mstari, aliweka mbele yake alama moja, #, ambayo huiambia kompyuta ipite bila ya kusoma. Twiga akatoa orodha, safi, chini, masjala, mahali pake.

Jioni ile ile mkurugenzi alituma laki moja na nusu kwa simu, pamoja na ujumbe kwamba mfuko umelowa kidogo. Nilipoyasimulia haya kwenye kamati, mwenyekiti, ambaye ni shemeji yangu na mtu asiyejua hata kuwasha kompyuta, alisikiliza habari za Stanford na seva za shina huku akisinzia, lakini nilipofika kwenye ile alama alifumbua macho akauliza kama kuiondoa ni kazi ngumu. Nikamwambia ni kubonyeza mara moja tu. Akawageukia wajumbe, akawakumbusha kwamba baki ya mkurugenzi ingali laki moja na nusu, akataka hoja ipigiwe kura.