Yah: Ombi la Bodaboda Kupimwa Kama Mawe

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Baraza la Taifa la Usalama Barabarani.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupongeza kwa stika. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama inapowadia tunazipokea kwa mikono miwili, na sina shaka kwamba shimo la barabarani likiona stika linasogea pembeni. Nakuandikia kutoka Kahama. Sina pikipiki, sina leseni, wala sina cheo kijiweni. Mimi ni abiria. Kazi yangu ni kukaa nyuma, kushika keria na kusali. Kwa hiyo usinihesabu kama mchambuzi huru. Nina maslahi, na maslahi yenyewe ni shingo yangu.

Ombi langu ni fupi. Naomba pikipiki kadhaa za abiria za ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Tinde na Kahama, kupitia Segese na Kakola, hadi Geita na Katoro, zifungwe vifaa vya utafiti. Kamera moja itazame mbele, nyingine nyuma, nyingine uso wa dereva. Iwepo GPS, kiwepo kifaa cha kupima mtikisiko na ulalo wa pikipiki, na kingine cha kujua breki imeminywa lini na kwa nguvu kiasi gani. Halafu kijana aachwe aendelee na kazi zake kama kawaida, mashine nayo iandike.

Najua nitaambiwa kwamba jambo hili ni geni. Mheshimiwa, huku kwetu kupima hakuwezi kuwa kugeni. Huku jiwe likitoka ardhini linapewa namba. Kampuni ikichoronga, mwamba unapangwa kwenye trei mita kwa mita, unapigwa picha, unapasuliwa, unapelekwa maabara kutafutiwa gramu chache ndani ya tani nzima. Mwaka 2017 nchi nzima ilishika pumzi kwa ajili ya makontena 277 ya makinikia yaliyozuiliwa bandarini Dar es Salaam, mchanga uliotoka hapa hapa kwetu, Bulyanhulu na Buzwagi. Ikaundwa kamati chini ya Profesa Mruma, mchanga ukapimwa, na hadi muuza mihogo wa stendi akajua kutamka rodiamu na iridiamu. Sijasikia bado kamati ya maprofesa iliyoundwa kuchunguza kijana wa Boxer aliyelala chini pale Segese alikuwa amekwepa nini.

Sababu ya kutoiunda naielewa. Jibu tunalo kabla ya swali: uzembe na mwendo kasi. Ni jibu zuri sana. Halina gharama, halihitaji kurudi eneo la tukio, na mlaumiwa kwa kawaida hayupo kulipinga, maana yuko wodini au yuko njiani anapelekwa Hospitali ya Bugando. Wala sisemi ni la uongo. Wapo vijana waliowahi kunibeba ambao uzembe wao ungepata soko nje ya nchi. Ninachouliza ni kwa nini uzembe huu unapenda mno sehemu zilezile, siku nenda rudi, hata dereva akibadilika.

Wenzetu Marekani walijiuliza hivyo hivyo. Taasisi ya usafirishaji ya Virginia Tech, ikishirikiana na Motorcycle Safety Foundation, ilifunga vifaa kwenye pikipiki za watu 100 katika majimbo ya California, Arizona, Florida na Virginia, ikawaacha waendeshe. Matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalikusanywa katika maili 366,667, yaani karibu kilomita 590,000. Ndani yake mlikuwa na ajali 30 na nusura-ajali 122. Nyingi za ajali hizo zilikuwa za kuanguka taratibu: mtu anageuza, anasimama, pikipiki inamlalia. Kwenye makutano yasiyo na taa wala alama, hatari ilikuwa karibu mara 41 ya ile ya mahali pasipo makutano. Kwenye barabara ya vumbi au kokoto, mara 9 ya kwenye lami.

Mara tisa, Mheshimiwa. Wao kokoto waliikuta kwa bahati mbaya baada ya kukunja kona. Kwetu kokoto ndiyo barabara yenyewe, na kijana anapokwenda machimboni Mwakitolyo au Nyarugusu anaingia kwenye hiyo mara tisa asubuhi na kutoka nayo jioni.

Wala hatutachelewa kufikisha kilomita zao. Tuseme pikipiki 100 za Kahama, kila moja ikitembea kilomita 100 kwa siku. Miezi miwili tumemaliza, bila kumshawishi mtu atoke Jumapili kupunga upepo. Na nusura tunazo za kumwaga. Tatizo ni kwamba zetu haziandikwi popote. Lori linapita, kioo kinagusa bega, dereva anasema "Mungu mkubwa", anaingiza gia ya tatu, na ushahidi wote umeishia hapo.

Hebu mashine iwepo siku moja tu. Alfajiri kijana anawasha pikipiki akiwa hajalala vizuri, kwa sababu usiku alikuwa deiwaka kwenye pikipiki ya mwenzake. Mashine inaandika. Abiria wake wa kwanza ni wachimbaji wawili wa duara moja, na kwa kuwa mfuko wao ni mmoja, wanakaa mishikaki. Mashine inaandika kwamba gurudumu la mbele linaelea. Mchana abiria hakuna, kuna viroba vya mawe vya kupeleka karashani, vimekazwa kwa mpira wa tyubu. Breki inaminywa hadi mwisho na pikipiki haina habari. Gari kubwa linapita, vumbi linafunga dunia, na kwa sekunde kadhaa kamera ya mbele inaona anachokiona dereva, yaani hakuna. Mbele kuna tuta lisilo na rangi wala kibao, ambalo wenyeji wanalifahamu kwa majeruhi wake.

Kisha inaingia simu. Imechomekwa ndani ya helmeti, na anayepiga ni tajiri, mwenye pikipiki. Saa kumi na mbili jioni, hesabu ya siku haijatimia, na mkataba unasema pikipiki itakuwa ya kijana siku hesabu zote zitakapokamilika. Simu inakatwa. Mwendo unapanda. Hapo, Mheshimiwa, ndipo Baraza lingegundua kwamba mwendo kasi una namba ya simu.

Kuhusu helmeti ya abiria sitaki kusema mengi. Tunaambiwa helmeti inapunguza vifo kwa takribani asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, lakini nadhani hesabu hizo zilifanywa helmeti ikiwa kichwani. Yetu inavaliwa kiwikoni, na inahamia kichwani mita mia mbili kabla ya trafiki. Viwiko vya Kahama ni salama kabisa.

Zipo nchi jirani zilizokwisha kufunga mashine kwenye pikipiki. Kigali waliweka mita za kielektroniki zenye kufuatilia safari, na Januari 2022 madereva wakaingia barabarani kulalamika, maana walichoona zaidi ni makato. Mashine ile ilijua vizuri nauli ya abiria. Hapa kwetu LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wamefunga VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo, kwenye mabasi ya mikoani, basi likizidi mwendo linaonekana ofisini. Ni jambo jema, lakini naona kifaa kinaulizwa swali moja tu, lile la dereva kafanya nini. Barabara imefanya nini, mkataba umefanya nini, hayo hayana king'ora.

Ndiyo maana nina sharti moja. Mashine hii isitoe namba ya malipo. Mwaka 2021 Serikali ilishusha faini ya bodaboda kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, tukashukuru, na tusingependa kurudishiwa zile 20,000 kwa njia ya sayansi. Picha zikienda kwa trafiki badala ya kwa watafiti, siku ya pili kamera zote zitakuwa zimefunikwa na soksi, na utafiti utakuwa umegundua soksi.

Fedha zisikusumbue. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inazitaka kampuni kupanga na halmashauri jinsi zitakavyochangia jamii, na magari ya migodi mikubwa kwa kawaida yana vifaa vinavyoripoti mwendo na breki ya ghafla. Utaalamu uko ndani ya uzio. Tunaomba utoke getini, maana mfanyakazi akishuka kwenye gari hilo linalojua kila kitu, anapanda pikipiki isiyojua lolote kwenda nyumbani. Pia kila mwaka Geita kuna maonesho ya teknolojia ya madini pale viwanja vya Bombambili. Tupewe meza moja. Pikipiki haitakosekana, wageni wengi watakuwa wameipanda kufika hapo.

Kwa upande wetu, kijiwe kimekubali kuchaji betri za vifaa bure, isipokuwa umeme ukikatika. Dereva wa kujitolea amepatikana, ila ameuliza kama kamera ya usoni inaweza kuzimwa wakati tajiri anapiga.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa nyuma, Kahama.

Nakala:
TANROADS na TARURA, wagawane wenyewe tuta ni la nani.
Matajiri wote wa pikipiki, Kahama na Katoro, wasomewe barua hii hesabu ikishapokelewa.
Trafiki, kwa taarifa, si kwa utekelezaji.