Sulhu ya Chukudu

Aghalabu watu hudhani kuwa mwongozaji wa filamu na mpiga picha wake hupatana kwa kuwa wote wawili wanatazama kitu kimoja. Kumbe mwongozaji hutazama alichokiota usiku, na mpiga picha hutazama kile ambacho jua limeridhia kumpa, na baina ya viwili hivyo pana masafa yatoshayo kuvunja udugu. Masafa hayo tuliyapima Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, mimi na mwongozaji wangu, muungwana mwenye elimu na kofia, tulipokwenda kupiga filamu fupi juu ya mama mjane atafutaye maji.

Ardhi ya huko ni lava nyeusi yenye matundu, inywayo mvua yote isibakishe hata kijito, na juu yake umesimama mlima Nyiragongo, mita 3,470, uliomwaga moto mwaka 1977, na 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, ukaikata barabara ya Rutshuru. Mwongozaji alitaka mlima na mama waonekane pamoja, naye mama avae kitenge cheusi, kwani msiba ni msiba. Nikamweleza kwa taadhima kwamba kamera ikipimiwa ardhi nyeusi hudhani usiku umeingia, ikafumbua jicho hata mbingu ikawa nyeupe na mlima ukafutika. Na ikipimiwa mlima, ardhi ndiyo hugeuka usiku.

“Basi pima vyote viwili,” akasema, kwa upole wa mtu asiyebeba kamera.

Jioni tulipotazama kazi yetu, palionekana mlima wenye fahari, na chini yake bidoni la manjano likienda zake peke yake, bila ya mama. Mwongozaji alinyamaza kitambo, kisha akatoa rai kuwa picha ile ina falsafa.

Tukasuluhishana kwa alfajiri: yeye akaridhia kitenge cha buluu, nami nikaridhia kuamka. Nuru ya saa kumi na mbili haina upendeleo, humgawia mama na mlima sawasawa. Ila mlima siku hiyo ulijitanda wingu, ukakataa kuigiza. Hapo mwongozaji akaamuru kamera itembee taratibu ubavuni mwa mama, na kwa kuwa reli hatukuwa nazo, tukakodi chukudu, kile chombo cha mbao kishushacho kabichi na viazi kutoka Kibumba, ambacho mjini Goma kimesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu, hukanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Lakini mwenyewe, aliyefunzwa na maisha kuwa mteremko ni rehema isiyofaa kupotezwa, hakuona sababu ya kuikanyaga. Tukampita mama, tukampita mwongozaji akipunga karatasi zake, tukasimama kwa wauza makaa, ambao waliniuliza kamera ni bei gani.

Tulirudia hadi jua likatuwakia. Wakati wa malipo, mwenye chukudu alitutoza nauli ya magunia matatu ya viazi: mawili ni mimi, na moja kamera. Mwongozaji akateta kwamba kamera haifikii hata nusu gunia.

“Mukubwa,” akajibu yule bwana, akijifuta jasho, “viazi haviniambiake: panda tena, turudilie.”