Namna ya Kulinda Heshima Yako Karnivalini Barranquilla

Umehamia Barranquilla, pwani ya Karibi ya Kolombia, na karnivali imebisha hodi: siku nne, kuanzia Jumamosi hadi mkesha wa Jumatano ya Majivu. Wenyeji watakuambia ujiachie. Usiwasikilize. Wewe ni mtu mwenye kibali cha ukaazi.

Kuhusu kelele, usijisumbue kwenda polisi. Malkia wa karnivali hutangulia kusoma hadharani amri inayowataka wakazi wote washerehekee. Jirani anayepiga ngoma saa nane za usiku ni raia mtiifu. Mhalifu ni wewe uliyelala.

Jumamosi kuna Batalla de Flores, maandamano yaliyoanza 1903, ambayo siku hizi hupita barabara ya Vía 40. Lipia kiti jukwaani, mbali na umati, uvae shati jeusi lililonyooshwa kwa pasi. Jeusi ndilo linaloonyesha vyema maizena, ule wanga mweupe wa mahindi ambao mtu usiyemjua atakupaka usoni kwa mapenzi makubwa. Ukitaka kumkaripia, fumba mdomo kwanza. Wala usinune: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi, na mji huu unaijua vizuri biashara hiyo, maana wali wa mkizi ndio chakula chao cha sikukuu.

Atakayekufuata ni Marimonda, mwenye pua ndefu kama mkonga, masikio makubwa, tai shingoni, na koti lililovaliwa nje ndani. Alibuniwa kuwakejeli wakubwa wa ofisini. Mwonyeshe kitambulisho chako cha kazi. Atakijibu kwa filimbi, na sauti yake si ya kuandikwa gazetini.

Ukiwa umetoka Afrika Mashariki, una mtihani wa ziada. Kuna ngoma iitwayo Congo, wachezaji wamevaa vilemba virefu vya maua na kushika mapanga ya mbao. Asili yake ni vyama vya Waafrika waliofanywa watumwa Cartagena. Mtu atakuvuta safuni akidai kwamba hii ni yenu. Mweleze kwa upole kwamba kutoka Nakuru hadi mdomo wa mto Congo ni mwendo wa bara zima, kwamba kwenu mnacheza vingine kabisa, na kwamba hujui hata hatua ya kwanza. Eleza yote hayo kwa Kihispania chako cha masomo ya jioni. Kabla hujafika kwenye mipaka ya Uganda, kiuno kitakuwa kimeshakusaliti.

Jumanne, afadhali, ni msiba, na msibani unajua kukaa. Anazikwa Joselito, aliyekufa kwa kusherehekea kupita kiasi. Mpe pole mjane, usimtazame ndevu. Mjane wa pili naye ana ndevu, tena ana mimba, na anakutazama wewe kana kwamba unahusika. Toa rambirambi taslimu, upesi, kabla marehemu hajaamka kuiulizia.