Mteja Mwenye Hasira

Mwaka 1995, mnada wa mtandaoni ambao baadaye uliitwa eBay uliuza kitu chake cha kwanza: kitochi cha leza, kibovu, kwa dola 14.83. Mnunuzi alijua fika kuwa ni kibovu, akalipa. Enzi hizo hata ubovu ulitangazwa.

Matapeli wa leo hawana uungwana huo. Muuzaji ameweka kamera yake mnadani, jioni anapata barua pepe: "Mbona hujanitumia mzigo wangu? Nimeshalipa, nakwenda polisi!" Hajauza chochote, lakini neno polisi limeshamtoa jasho. Anabofya palipoandikwa "Jibu", ukurasa unafunguka, nembo ni ileile, rangi ni zilezile, naye anaandika nywila yake kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, asije akakosea herufi. Jamani, umakini huo!

Kamera yenyewe tapeli haitaki. Anataka zile sifa za miaka kumi, pongezi za wateja walioridhika, zimsaidie kuuza pikipiki ambayo haijawahi kuwepo. Mwenye akaunti ataisikia pikipiki hiyo siku watu watakapoanza kumdai.

Na barua ile ilimwita nani? "Mpendwa Muuzaji." Jina lake halimo. Ujumbe wa kweli angeukuta pia kwenye kisanduku chake kulekule mnadani, kama angeingia kwa kuandika anwani mwenyewe. Lakini nani ana muda huo, na mteja mkali vile kashamsimamia mlangoni?