Uzito Haufi, Unahamia kwa Shemeji

Kuna watu wakishapata uraia wa Marekani hukimbilia kununua nyumba. Wengine huanza kuita ndugu, mmoja baada ya mwingine. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alinunua mizani. Si ya kujipimia mwenyewe, ingawa ingemfaa. Ni ile ndogo ya jikoni, inayosoma hadi gramu moja. Dada alidhani amekumbukwa, atapimia unga wa keki. Kumbe ni ya kupimia skrubu za bunduki.

Niwaeleze wasiojua. Tunaishi Aurora, ubavuni mwa Denver, katika jimbo la Colorado, na hakuna jimbo la Marekani lenye elki wengi kuliko hili. Elki ni wa ukoo wa kulungu, ila dume lililokomaa linafika kilo 300 na ushei. Kazini kwa Shemeji wenzake humzungumzia mnyama huyo mwaka mzima, wakingoja misimu ya bunduki ya Oktoba na Novemba. Naye akaona haya kukaa pembeni. Akaenda darasani, maana sheria ya hapa inamtaka kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949 awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Alirudi na cheti, akarudi na maradhi pia. Maradhi yenyewe ni wepesi.

"Shemeji," akaniambia, "elki anakaa juu. Mita 3,000! Kule hata pumzi ni mzigo. Bunduki nzito itaniua kabla sijamwona mnyama."

Hapo sikumbishia. Bunduki ya kawaida ya kuwindia, ikiwa na darubini, risasi na mkanda wake, inakaribia kilo nne. Ukitafuta yenye kitako cha nyuzi za kaboni na mtutu mwembamba, unashuka chini ya tatu. Kwa mtu anayepanda mlima tangu alfajiri, kilo moja si ya kudharau. Mambo yangeishia hapo, mimi ningekuwa nalala.

Hayakuishia hapo, kwa sababu kabla ya bunduki kuna risasi, na kwenye risasi kuna ugomvi wa marehemu wawili. Jack O'Connor, mwandishi wa bunduki wa jarida la Outdoor Life, aliisifu kwa miaka mingi .270 Winchester, risasi nyepesi yenye mbio iliyoingia sokoni mwaka 1925. Elmer Keith wa Idaho akashikilia kuwa elki anataka risasi nene na nzito, hivyo vyembamba akavibeza. O'Connor alifariki mwaka 1978, Keith mwaka 1984. Wenyewe wamezikwa. Ubishi haujazikwa, umehamia kwenye simu yangu.

"Shemeji, wewe unaonaje, .270 au .30-06?"

Mimi ninaonaje? Mimi mtu wa Tanga naona ni saa sita usiku. Sheria ya Colorado, kwa elki, inataka risasi ya upana usiopungua inchi 0.24 na uzito usiopungua greni 85, na greni 7,000 ndizo zinazofanya paundi moja. Zote mbili zimekivuka kipimo hicho kwa mbali. Elki aliyepigwa barabara kifuani hataulizia ilikuwa ipi. Lakini jambo likishaamuliwa, Shemeji atapiga simu kuzungumza nini?

Mwisho akachagua .300 Winchester Magnum. Ndiyo, hata haikuwamo kwenye swali. Ni kubwa kuliko zote mbili, na akaitaka kwenye bunduki nyepesi kuliko zote dukani.

Sasa fizikia haina undugu na mtu. Risasi na baruti vikisukumwa mbele, bunduki husukumwa nyuma, na uzito wa bunduki ndio unaolimeza teke. Punguza uzito huo kwa robo, nguvu ya teke inapanda kwa theluthi. Ile kilo aliyoilipia Shemeji iondoke haikwenda mbali, ilikuwa inamngoja begani. Darubini nayo hutaka jicho likae sentimita tisa hivi nyuma yake. Shemeji, mwenye kiu ya kuona, alikuwa ameisogelea. Uwanja wa shabaha ulisikia mlio, kisha ukasikia Kizigua.

Alirudi nyumbani na mkato wa mviringo juu ya nyusi.

"Nani kakupiga?" dada akauliza.

"Bunduki."

"Ya nani?"

"Yangu."

Wenzake wakamshauri afunge kipunguza teke kwenye mdomo wa mtutu. Kweli kinapunguza. Kinafanya hivyo kwa kuitupa pembeni ile hewa ya moto pamoja na mlio wake, na pembeni ndiko nilikosimama mimi nikiwa nimeshika maji yake ya kunywa. Teke likatoka begani kwake likahamia masikioni mwangu. Nilivaa vizibo vya masikio, na bado nilimsikia hadi kwenye meno.

Na wepesi una madeni mengine. Mtu akifika kileleni anahema, moyo unamdunda, na mtutu mwembamba hufuata kila pigo la moyo. Mtutu mzito una uvivu wake, na uvivu huo ndio utulivu. Mwembamba pia hushika moto upesi, na ukifyatua mfululizo risasi huanza kutawanyika. Shemeji akaona mashimo yametapakaa kwenye karatasi, akasema tatizo ni darubini.

Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9, yenye kioo cha mbele cha milimita 40, ina uzito wa gramu 350 hivi, na imewatosha wawindaji wa elki miaka nenda miaka rudi. Shemeji akaitazama kwa huruma. Akanunua ya mara 5 hadi 25, kioo milimita 56, uzito unakaribia kilo moja. Yaani alilipa fedha kuutoa uzito chini, akalipa fedha nyingine kuurudisha juu. Bunduki ikaonekana kama imebebeshwa chupa ya chai.

Laiti ingemfaa. Elki hutoka kwenda malishoni alfajiri na jioni, na sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Ni saa za mwanga hafifu. Ukitaka kujua upana wa mwali unaofika jichoni, gawanya kioo cha mbele kwa ukuzaji. Milimita 40 kwa 6 unapata karibu 7, zinazotosha mboni iliyopanuka gizani. Milimita 56 kwa 25 unapata 2 na kidogo. Hapo unaliona giza lile lile, ila limekuzwa mara 25. Na akishusha ukuzaji hadi 8 ili apate mwanga, hizo nyingine zote atakuwa amezinunua kwa ajili ya kuzipandisha mlima na kuzishusha.

Nilimweleza haya kwa hesabu, juu ya karatasi. Akaichukua karatasi, akaiweka kwenye mizani.

Jioni moja alikuwa mezani, skrubu zimepangwa kwenye sahani, pete za kushikia darubini zimefunguliwa, anaugulia: "Nitoe wapi gramu 200 nyingine?" Dada akamtazama kuanzia kifuani, akashuka taratibu hadi kwenye mkanda wa suruali. Hakusema kitu. Akaendelea kukaanga sambusa.

Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda, na miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo ya hiyo hiyo .30-06, wakati huo bado mpya. Hatusikii kwamba gramu zilimkosesha usingizi. Zimkoseshe kwa lipi? Nyuma yake walikuwapo wapagazi zaidi ya 200. Mzigo wa mpagazi mmoja katika misafara ya zama zile ulikuwa paundi 60 hivi, yaani kilo 27. Wepesi wa Mzungu yule ulikuwa uzito wa babu zetu.

Ndiyo maana nasema uzito haufi. Unahama, na kila ukihama hutafuta mtu asiyekuwapo kwenye kikao. Kwa elki kikao chenyewe hakijafika hata kwenye ajenda kuu. Mnyama akianguka, sheria ya Colorado inakataza kuiacha porini nyama inayolika. Mapaja mawili, mikono miwili, minofu ya mgongo, vyote vishuke. Paja moja la nyuma la dume linafika kilo 27 na kupita, yaani mzigo kamili wa mpagazi. Jumla ni zaidi ya kilo 100, kutoka mita 3,000, kwa miguu, bila kuhesabu pembe, ambazo Shemeji akiziacha nitakula kofia yake ya rangi ya chungwa. Kiwandani wamepunguza uzito wa kitako, wa mtutu, wa pete, hata wa skrubu. Hakuna aliyeupunguza wa elki.

Na juzi umefika kwake mkoba mkubwa wa fremu, wa kubebea nyama. Mmoja tu. Nikauliza mbona mikanda yake imeshalegezwa kwa mtu mrefu, na yeye ni mfupi. Akaniambia nizungushe mgongo kidogo, kuna kitu anapima.

Basi nikamkalisha chini, kwa heshima zote anazostahili mume wa dada. Nikamwambia auze kila kitu. Anunue .30-06 ya mtumba, yenye kitako cha mbao, ya kilo nne, na darubini ya mara 3 hadi 9. Afanye shabaha mpaka bega na bunduki vielewane. Bunduki nzito kidogo itamtuliza mkono, itamwonea huruma bega, na elki hataona tofauti. Dola elfu kadhaa zitakazobaki, akodi farasi wa mizigo, maana huku milimani wapo wanaowakodisha kwa kazi hiyo hiyo ya kushusha nyama. Farasi abebe mapaja, mimi nibebe thermosi yangu na maoni yangu.

Alinyamaza. Akajikuna juu ya nyusi, pale penye kovu. Nikajua hoja imeingia.

"Farasi sawa, Shemeji," akasema. "Hilo tandiko lake lina gramu ngapi?"